Uwanja Uliotandikwa Majani

Hebu niambie, wewe ukifika kwenye mji wa watu asubuhi, jua limeshapanda, ukakuta majani makavu yametapakaa uani na ufagio umelala kando ya ukuta, utafikiri nini? Sisi wa Mphongolera hatuna haja ya kuuliza. Tunapunguza sauti, tunakaza vitenge kiunoni, tunavua viatu. Kwetu mwanamke mwenye afya yake haamki akauacha uwanja bila kuufagia, ila awe na maiti ndani. Maiti akiwa nyumbani hakuna kufagia. Ufagio unashikwa tena baada ya kuzika, na siku hiyo wanawake wote wanafagia pamoja, ndipo watu wanajua kwamba kilio kimekwisha.

Nimeanza na hilo ili umwelewe Mama Falesi Chimbalanga, maana wako waliomwita mkaidi bila kujua alichokuwa akikipigania.

Falesi alikuwa matroni wa Chuo cha Ualimu cha Mphongolera, kile kilichoko chini ya milima upande wa Ntcheu, ukishavuka daraja la chuma. Mabweni ya wasichana yalikuwa yake, jiko lilikuwa lake, na usafi wote ulikuwa wake. Lakini mwenyewe, ukimuuliza kazi yake ni ipi, alinyoosha mkono akakuonyesha uwanja. Ulikuwa uwanja mpana, kutoka langoni mpaka ngazi za ofisi, udongo mwekundu mtupu, umefagiwa ukang'aa kama sakafu iliyopigwa nta. Kila asubuhi wasichana walitoka na fagio zao za vijiti, wakajipanga mstari mmoja, wakainama, wakaenda kwa kurudi nyuma ili nyayo zao zisibaki. Wakimaliza, udongo wote ulikuwa na mistari midogo kama miiba ya samaki. Takataka na majani vilikusanywa nyuma ya ukumbi vikachomwa, na ule moshi ukipanda, wanawake wa kijijini ng'ambo ya barabara walijua sasa ni wakati wa kuinjika uji.

Wazazi waliowaleta mabinti zao walisimama langoni wakatazama. "Hapa," walisema, "kuna mwanamke."

Falesi aliyasikia maneno hayo kila mwaka, na kila mwaka yalimwingia kama togwa siku ya joto. Alikuwa amesimama katikati ya uwanja, pale pale anaposimama siku zote, mikono nyuma, kitambaa cheupe kichwani, jua likimpiga. Watu walizoea kumwona pale kama wanavyouzoea mlingoti wa bendera. Magoti yalikuwa yameanza kumuuma, lakini hilo alilisema na dawa yake ya kuchua tu.

Sasa, mambo yalikuwaje kuhusu miti? Kila masika chuo kilipanda miti. Wakubwa walikuja kutoka boma la wilaya, nyimbo zikaimbwa, mashimo yakachimbwa, kila mwanachuo akaweka mche wake na kuupa jina. Kufika Oktoba miche yote ilikuwa vijiti vikavu. Masika yanayofuata wakachimba tena, mara nyingine katika shimo lile lile. Miti mikubwa ilikuwa mitatu tu, mikangazi ya zamani nyuma ya ukumbi. Mbele kote ni jua. Wanachuo walizirai kwenye gwaride. Pampu ya kisima ilianza kukohoa hewa kabla kiangazi hakijafika nusu.

Ndipo akaja Temwa Nyirongo, mkufunzi mpya wa kilimo, mtu wa kaskazini, mrefu, mwembamba, anayecheka kabla hajamaliza kusema. Siku ya pili tu alionekana na jembe begani, viatu vyake vya kufundishia vimejaa tope.

"Huyu mkufunzi au kibarua?" wasichana walinong'ona.

"Kibarua," Temwa aliwajibu, maana masikio yake yalikuwa makali. "Ila mshahara wangu ni wa mkufunzi, msiniharibie."

Alimfuata Falesi pale katikati ya uwanja, akapiga goti kidogo, akapiga makofi taratibu kama inavyopasa kumwamkia mama mzima.

"Mama, umeamkaje?"

"Nimeamka. Sijui ninyi."

"Sisi pia tumeamka. Mama, naomba nikuonyeshe kitu, usinifukuze." Akampeleka mpaka kwenye ngazi za ofisi. "Hizi ngazi zilipojengwa zilikuwa na vidato vingapi?"

Falesi alikuwepo zilipojengwa. Alifikiri. "Kimoja."

"Leo?"

Falesi alitazama kana kwamba anaziona mara ya kwanza. Vilikuwa vitatu. Viwili viliongezwa na mafundi nyakati tofauti, na hakuna aliyejiuliza kwa nini. Temwa akampeleka kwenye bweni la wasichana, akamwonyesha msingi wa matofali uliokuwa umezikwa ardhini, sasa umetoka nje kama mtu aliyepandisha sketi kuvuka mto.

"Si nyumba iliyopanda, Mama. Uwanja ndio unashuka. Tunaufagia asubuhi, jioni mvua inaubeba, unakwenda mtoni. Na majani tunayachoma. Kama yangelala chini ya miche, maji yangekaa ardhini, na miche isingekufa."

"Unataka majani yalale uwanjani kwangu."

"Ndiyo, Mama."

"Kwenu huko Mzimba hamfagii?"

"Tunafagia mpaka mgongo unalia. Lakini hapa ni chuo, si nyumba ya mtu."

Hapo alikosea. Falesi alimtazama kuanzia viatu mpaka kichwani.

"Miaka yote hii nalala hapa, naamka hapa," alisema. "Kama si nyumba ya mtu, mimi ni nani? Mbuzi?"

Temwa alishika mdomo wake. "Nisamehe, Mama. Nimesema vibaya." Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu wa kukata tamaa, akauliza polepole, "Basi niambie wewe mwenye nyumba. Ungependa uwanja wako uwe na nini?"

Falesi alifungua mdomo. Kuna jambo lilikuja mpaka kwenye ulimi, jambo dogo, la aibu kidogo. Akalimeza.

"Usafi," akasema. "Usafi tu."

Shauri lilifika kwa mkuu wa chuo, Bwana Kabango, mtu mnene mwenye tahadhari, anayependa kila mtu atoke ofisini kwake akiwa na nusu ya alichokuja kuomba. Alisema hivi: mwaka huu miche ipandwe kama anavyotaka mkufunzi, na majani yasichomwe. Njia zifagiwe, kwingine kuachwe mpaka mvua zinazofuata. Miche ikiishi, vizuri. Ikifa, uwanja wote utamwagiwa kokoto na saruji, watu wapumzike na habari za miti.

"Saruji inafagika," Falesi alisema walipotoka.

"Mama Falesi," Temwa alisema, "kwenye saruji Oktoba utakaanga mayai."

"Nitakukaangia na wewe."

Walicheka wote wawili, lakini kila mmoja alijua kwamba mwenzake hatanii.

Niseme ukweli, Temwa alifanya kazi. Mimi sijaona mtu mwenye shahada akichota maji ya kuoshea vyombo jikoni na ndoo mbili, akaenda kuimwagia miche mmoja mmoja, kikombe kwa kikombe, huku akiisemesha. Wanachuo walimcheka, kisha wakamsaidia, kisha wakaanza kugombania zamu. Ile miche iliyokuwa na majina, safari hii iliitwa kwa majina hayo. Ungesikia msichana akisema, "Leo Subira amekunywa?" na mwenzake akajibu, "Amekunywa, lakini Baraka ana kiu, na huyo mwenye Baraka amelala."

Kiangazi kikaingia. Mikangazi ikaanza kupukutisha majani. Upepo wa mlimani ukayaleta mbele, na mengine wanachuo waliyabeba kwa vikapu wakayalaza chini ya miche.

Na Falesi? Falesi alinuna. Aliwaita wasichana wake, mbele yao akiwa Tiyamike, kiranja wa usafi, msichana mwenye mdomo mwepesi, akawaambia waegemeze fagio ukutani.

"Hata njia, Mama?" Tiyamike aliuliza. "Bwana mkuu alisema njia zifagiwe."

"Mimi nimesikia kuachwa. Ninyi mmesikia nini?"

"Tumesikia kuachwa, Mama," wakasema wote, maana nani atashindana naye?

Basi majani yakalala kila mahali. Kwenye njia, kwenye ngazi, mbele ya mlango wa ofisi. Upepo uliyasukuma huku ukayarudisha kule. Moshi wa asubuhi haukuonekana tena. Falesi alisimama pale pale katikati, mikono nyuma, majani yakimpanda miguuni, na akasema moyoni mwake: ngoja wajionee.

Wa kwanza kuona hawakuwa wa chuoni.

Ng'ambo ya barabara anaishi Bibi Zeliya, anayewaongoza wanawake wa kijiji chetu penye misiba. Yeye ndiye anayejua nani alete unga, nani alete kuni, wimbo gani unatangulia. Siku ya kwanza aliona moshi haukupanda, akasema labda kuni zimelowa. Siku zilizofuata alisimama kando ya barabara, akachungulia langoni. Majani. Tena majani mbele ya mlango. Na gari la bwana mkuu halipo mahali pake.

"Wamefiwa," aliwaambia wenzake. "Wamefiwa na mkubwa, na wanatuficha, kwa sababu sisi ni watu wa kijijini."

Kosa kama hilo, nakuambia, halingeweza kufanywa na mgeni. Mgeni angeona majani tu.

Asubuhi ile Falesi alikuwa jikoni anapima chumvi aliposikia kilio. Si kilio cha mtu mmoja. Ni kile cha wanawake wengi kinachokuja barabarani kikizidi kukua, wa mbele wakianza na wa nyuma wakipokea. Kijiko kikamdondoka. Akawafikiria ndugu zake wote kwa mara moja, akatoka mbio kwa magoti yale yale mabovu.

Langoni, mlinzi Saizi alikuwa ameshavua kofia yake. Alipowaona akina mama wanalia, alijua tu kwamba yeye ndiye wa mwisho kuambiwa, kama kawaida, akafungua lango wazi na machozi yakamtoka. Wanawake waliingia wakiwa wameinamisha vichwa, wengine na vikapu vya unga, wengine na mizigo ya kuni, wakakanyaga majani, wakapanda ngazi tatu, wakavua kandambili zao wakazipanga, wakaingia ofisini kwa bwana mkuu, wakakaa sakafuni, miguu imenyooshwa, wakalia.

"Bibi Zeliya!" Falesi alifika anahema. "Ni nani?"

"Pole, mwanangu Falesi. Pole sana. Tumechelewa, lakini hatukuambiwa."

"Hamkuambiwa nini? Nani kafa?"

Zeliya alijifuta macho kwa pindo la kitenge. "Unaniuliza mimi? Kwako ndiko kwenye msiba."

"Kwangu hakuna msiba!"

"Falesi. Wewe. Uwanja wako una majani mpaka mlangoni. Mimi nimekujua tangu ukiwa na meno ya maziwa. Hata ulipoumwa malaria ulifagia umejifunga kamba kiunoni. Leo unataka niamini kwamba huna maiti humu ndani?"

Wote wakamgeukia Falesi. Temwa alikuwa ameshafika mlangoni, chaki mkononi, na Tiyamike nyuma yake amejiziba mdomo kwa daftari. Na kabla yeyote hajasema, likasikika gari. Bwana Kabango, aliyekuwa amekwenda mkutanoni Lilongwe, alishuka na mkoba wake, akaona lango wazi, mlinzi analia, kandambili zimejaa kwenye ngazi zake. Akapanda mbio, akatokea mlangoni.

"Kuna nini? Nani amekufa?"

Mwanamke mmoja wa nyuma alipiga yowe akajitupa chini ya meza. Wengine walikimbilia dirishani. Bibi Zeliya peke yake hakusogea. Alimtazama bwana mkuu kwa muda, toka juu mpaka kwenye kitambi.

"Basi kumbe ni wewe," alisema kwa masikitiko kidogo, "na umenenepa."

Temwa alipiga magoti pale pale sakafuni. "Mama zangu, hakuna aliyekufa. Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyeomba majani yasifagiwe, kwa ajili ya miti. Sikufikiri mtayaona mkiwa barabarani. Mmetoka nyumbani kwenu na unga wenu kuja kutulilia, na sisi hata hatukuwaambia. Nisameheni."

Alisema vizuri, bila kujitetea. Falesi alimsikiliza, na maneno ya kwamba njia zilipaswa kufagiwa yalimrudia. Temwa aliyajua. Angeweza kuyasema. Hakuyasema.

Sasa kukawa na jambo jingine. Unga uliopelekwa msibani kwetu haurudishwi nyumbani, wala kuni. Ukirudi nao unakuwa kama umeuambia msiba ukusindikize. Zeliya aliutazama ule unga, akawatazama wenzake, akasema, "Tutaupika hapa hapa. Bwana mkuu atakula. Si kila mtu anabahatika kula nsima ya msiba wake."

Ikapikwa nsima, ndio ugali wetu. Wanawake waliingia jikoni kwa Falesi na miiko yao, wanachuo wakaleta majani ya maboga na njugu za kusaga, ikawa sherehe isiyo na jina. Chakula kilipoiva, jua lilikuwa la utosi, na ukumbi ulikuwa na darasa. Basi wanawake walichukua sahani zao wakaenda uwanjani. Karibu na ukumbi, mahali kivuli cha mkangazi kinapoishia na miche inapoanzia, majani yalikuwa yamelala mengi. Walikaa hapo. Walinyoosha miguu, watoto wakalala mapajani, vicheko vikaanza, na kila aliyecheka alimwonyesha yule aliyejitupa chini ya meza.

Falesi alisimama juani akiwatazama.

"Njoo ukae, Falesi," Zeliya alimwita. Alikuwa ameingiza vidole chini ya majani. "Chini hapa kuna ubaridi kama wa mtungi. Oktoba hii! Njoo ushike."

"Niko kazini, Bibi."

"Kazi gani na wewe umesimama tu?"

Wanawake wakacheka. Falesi naye akatabasamu, lakini hakukaa. Alikuwa anafikiri jambo moja: miaka yote hiyo, katika uwanja wake ule mzuri, wazazi wamesimama, wageni wamesimama, wanachuo wamepita, yeye amesimama. Hajawahi kuona mtu hata mmoja amekaa.

Jioni bwana mkuu alimwita. Nsima alikula, tena akaongeza, lakini sasa alikuwa amefikiri habari hiyo itakavyofika boma.

"Mama Falesi, nimeliliwa nikiwa hai. Kesho uwanja ufagiwe. Wote. Nikitoka nyumbani niukute umefagiwa. Ulikuwa unasema kweli tangu mwanzo."

Ndiyo hiyo. Alikuwa ameshinda, na kwa mdomo wa mkuu mwenyewe. Alitoka akipita katikati ya miche, na bila kutaka akainama, akasukuma majani pembeni kwa kidole. Udongo chini yake ulikuwa mweusi kidogo, na baridi. Mche wenyewe, sijui ulikuwa Subira au Baraka, ulikuwa na majani mapya mawili, laini kama masikio ya sungura. Mwezi wa kumi. Hakuwahi kuona mche wenye majani mapya mwezi wa kumi pale Mphongolera.

Kabla kengele ya kuamsha haijagongwa, aliwagongea wasichana milango.

"Chukueni fagio."

Temwa alisikia fagio zikikwaruza, akatoka mbio na kitenge cha kulalia. Alifikiri amekuja kuona mwisho. Alisimama kwenye kona ya ukumbi, asiamini macho yake.

Wasichana walikuwa wanafagia njia. Njia tu, lakini zilifagiwa kama siku ya kuja rais, mistari ya miiba ya samaki kutoka langoni mpaka kwenye ngazi. Majani ya njiani hayakwenda kuchomwa. Yalisukumwa chini ya miche, yakasawazishwa kwa mikono, na pembeni yake Tiyamike na wenzake walikuwa wakipanga vipande vya matofali, kimoja kimoja, mstari mnyoofu kama uzi. Falesi alikuwa katikati yao, anaelekeza kwa kidole.

"Tofali lile limelala upande. Linyanyue. Mtu akipita barabarani aone kwamba mkono umepita hapa. Jani likivuka tofali, lirudishe ndani. Likirudi, lirudishe tena."

"Mama," Tiyamike alisema, "tunayachunga kama mbuzi."

"Mbuzi mimi nilishawahi kuwa, endelea kupanga."

Temwa alisogea. Macho yalikuwa yamemjaa maji. "Mama, hili sikulifikiria. Mimi nilifikiria mti tu. Wewe umefikiria na watu."

"Na wewe hukumwambia bwana mkuu habari ya njia jana," Falesi alisema bila kumtazama. "Shika tofali."

Bwana Kabango alifika na jua la kwanza. Alisimama langoni. Alitazama kushoto, akatazama kulia.

"Nilisema ufagiwe."

"Umefagiwa."

"Na hayo majani?"

"Hayo hayakuachwa, Bwana Mkuu. Yametandikwa. Mkeka ukitandikwa ndani ya nyumba, kuna anayesema nyumba haikufagiwa?"

Alitembea njia yote mpaka kwenye ngazi, akageuka. Mwishowe akamwita Saizi amlete Bibi Zeliya. Zeliya alikuja, akasimama kando ya barabara pale pale anapochungulia siku zote, akatazama kwa muda mrefu sana.

"Hapa hakuna msiba," akatangaza. "Hapa kuna mwanamke."

Ikawa ndiyo hukumu, na saruji haikuzungumzwa tena.

Mvua zilipofika, maji hayakukimbia kwenda mtoni na udongo wetu. Yalisimama kwenye yale majani, yakaingia ardhini polepole. Miche michache ilikufa, na iliyokufa ilililiwa na wenye majina. Mingi iliishi. Mwaka uliofuata wakapanda mingine mpaka kwenye bweni la wasichana, na msingi ule ukaacha kuonyesha miguu. Temwa akajenga na wanachuo majiko ya udongo yanayokula kuni kidogo, akachimba mashimo ya kuvunia maji ya paa, na vyuo vingine vikaanza kutuma watu kuja kuangalia. Walipofika walikuta wanawake wa kijijini nao wana matofali uani kwao, majani yametandikwa chini ya mipapai. Walimu waliotoka Mphongolera walikwenda na jambo hilo kila shule waliyopangiwa. Mimi nimeona shule moja mbali huko Kasungu ina njia za miiba ya samaki na majani ndani ya matofali, nikajua bila kuuliza mwalimu wake alisomea wapi.

Miti ilipofika juu ya paa la ofisi, Falesi alifika umri wa kustaafu. Siku ya kuagwa wanachuo waliimba, Bwana Kabango alitoa hotuba ndefu, na Bibi Zeliya, amezeeka lakini ulimi haujazeeka, alimkatiza mara mbili. Chuo kilitaka kumpa zawadi na hakikujua ipi. Wengine walisema mabati, wengine mablanketi. Aliulizwa, akasema chochote.

Ilipokwisha, watu walitawanyika wakakaa chini ya miti makundi makundi, na sahani zao. Falesi alibaki amesimama katikati ya njia, mahali pake, mikono nyuma. Ila jua halikumpata tena. Kivuli kilikuwa kimemfuata mpaka pale.

Temwa, ambaye sasa ni makamu wa mkuu, alikuja akapiga goti kama siku ile ya kwanza, akapiga makofi taratibu.

"Mama, nilikuuliza zamani, ukanijibu usafi. Mimi najua ulikuwa na jibu jingine, nililiona likipita. Leo wewe si mfanyakazi wetu tena. Ungependa uwanja wako uwe na nini?"

Falesi alitazama matofali, akatazama wanawake walionyoosha miguu juu ya majani yake, akatazama juu. Alivua viatu vyake akaviweka pembeni ya njia, vimelingana. Akavuka matofali.

"Sogeeni," aliwaambia. Zeliya alisogea. Falesi alishika bega la Temwa, akajishusha taratibu, goti moja, kisha la pili, mpaka majani yakalia chini yake. Akanyoosha miguu.

"Nilikuwa nataka kukaa, mwanangu," alisema. "Tangu siku ya kwanza nilipofika hapa. Nilikuwa nataka tu mahali pa kukaa kwenye uwanja wangu, na mtu asiniite mvivu."